Naomba Baraza Litamke

Zabron aliingia shambani kwa Marita Jumatatu asubuhi akiwa na vibarua wanne, akaanza kuchuma kahawa kana kwamba Marita alikuwa amezikwa pamoja na mumewe. Hakupiga hodi wala hakusalimia. Marita alipotoka jikoni na mwiko mkononi, shemeji yake huyo, kaka mkubwa wa marehemu Isaka, alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Shemeji, hiyo kahawa ni ya nani?"

"Ya mwenye shamba."

"Na mwenye shamba ni nani?"

"Mimi. Mdogo wangu nilimwazima tu. Sasa amekufa, narudisha changu."

Alisema hivyo bila aibu, mbele ya mibuni ambayo Marita aliipanda kwa mikono yake. Zilikuwa ekari mbili tu, si shamba la kumfanya mtu tajiri, lakini ndizo zilizomlisha yeye na watoto wake watatu. Isaka alipewa na baba yake mwaka waliooana, na Marita alibeba maji ya kumwagilia miche akiwa na mimba ya kwanza. Karatasi haikuwepo. Kijijini kwao Isansa, miaka kumi na tisa iliyopita, baba alitembea na mwanawe kuzunguka mpaka, akamwonyesha hapa na pale, mambo yakaisha. Sasa mzee alikuwa kaburini, Isaka naye kaburini, na mtu pekee aliye hai aliyekuwepo siku ile alikuwa Zabron. Ndiye huyohuyo aliyeamua kusema uongo.

Baraza la kata likawaita ili liwasuluhishe. Zabron akasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba yuko tayari kumwachia mjane kipande cha kutosha kuzikiwa. Usuluhishi ukafia hapo.

Marita alikuwa tayari ameteuliwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe, kwa hiyo alifunga safari hadi Vwawa, kwenye baraza la ardhi la wilaya. Kijana mmoja wa ofisi ya jirani aliyekuwa akiwaandikia watu maombi yao alimuuliza anadai fidia kiasi gani.

"Sidai fidia."

"Mama, wote huwa wanaweka fidia."

"Wewe andika kwamba naomba baraza litamke shamba hili ni la nani. Litamke kwa sauti na yeye akiwepo. Kama si langu, litamke vilevile, nifungashe vyombo niondoke."

Kijana akaandika hivyo, ingawa alitikisa kichwa.

Siku ya kusikilizwa, Zabron alikuja na suti ya harusi na mkewe, Nesta. Nesta akabaki nje kwenye benchi na mashahidi wengine. Alipopita mbele ya Marita alivuta kanga yake isimguse. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu msiba wa Isaka, siku Nesta aliposema mbele ya waombolezaji kwamba Marita ndiye aliyemchelewesha mgonjwa kupelekwa hospitali. Marita hakumsamehe, na wala hakuwa na mpango huo. Aliposikia kwamba Nesta atatoa ushahidi upande wa mumewe, hakulala vizuri wiki nzima.

Alieleza habari zake zote, kisha Zabron akapewa nafasi ya kumuuliza maswali.

"Kila mwaka maharage ya kwanza ya hapo katikati ya mibuni yakikomaa, ulikuwa unaleta kapu nyumbani kwangu. Kweli si kweli?"

Dada yake Marita alikuwa amemwonya juu ya kapu hilo. Akanushe, alimwambia, nani alikuona? Lakini Marita alikuwa ameapa kwa Biblia, na isitoshe njia nzima ilimwona.

"Kweli."

"Mwenye shamba lake anampelekea nani kapu?"

"Mkubwa wa familia. Nilikuletea kwa heshima, baada ya baba mkwe kufariki."

"Heshima!" Zabron aliwageukia wazee wawili wa baraza waliokaa kando ya mwenyekiti. "Waheshimiwa, aliyeazimwa shamba ndiye hupeleka kapu. Amekiri mwenyewe."

Marita alihisi uso unamchoma. Miaka yote ile alichagua maharage mazuri kuliko ya watoto wake, akampelekea mtu huyu, na leo mtu huyu anayatumia kumnyang'anya. Alijichukia kwa adabu yake. Kama angeweza kurudi nyuma, angemwagia kuku kapu lote.

Zamu ya Zabron ilipofika, alirudia yaleyale huku sauti ikipanda kwa furaha. Ndipo mmoja wa wazee wa baraza, Mama Alinanuswe, ambaye tangu asubuhi alionekana kama anasinzia, akafungua macho.

"Hilo kapu, lilikuwa likirudi vipi?"

Zabron alilielewa swali. Kila mtu wa kule analielewa. Kapu la ndugu halirudishwi hivihivi, hutiwa chochote kilichopo, chumvi, ndizi, hata kipande cha sabuni. Linalorudi bila kitu ni la mtu aliyeleta anachodaiwa, maana huyo hashukuriwi. Akavuta koti la suti, akajibu:

"Tupu, mheshimiwa. Miaka yote lilirudi tupu."

Hakuwa na hakika hata kidogo, kwa sababu tangu aoe hakuwahi kutia mguu jikoni kwake. Aliona jibu zuri, akalidaka.

Nesta akaitwa. Akaapa, akasema shamba ni la mumewe, akasema marehemu aliazimwa, kila neno likitoka kama alivyofundishwa. Marita alikuwa anaangalia sakafu. Aliona shamba linakwenda.

"Mama," Mama Alinanuswe akamuuliza, "mumeo ametuambia kwamba kapu la huyu mwombaji ulikuwa unalirudisha tupu. Ni kweli?"

Nesta akamgeukia mumewe taratibu.

"Umesema mimi?"

"Jibu swali, mama," mwenyekiti akasema.

"Najibu, mheshimiwa. Mimi huyu mwanamke simpendi, aandike hivyo anayeandika. Lakini mimi sikulelewa jalalani. Kapu la mke wa shemeji yangu lirudi tupu kutoka jikoni kwangu? Watu waniite nani? Nilitia chumvi. Nilitia ndizi. Mwaka wa ukame, ndani hamna kitu, nilikata kitenge changu nikatia kipande. Muulizeni mwenyewe kama sikutia!"

"Ulitia," Marita alisema kabla hajaulizwa, na mwenyekiti akamkaripia.

"Kwa nini ulimrudishia vitu?" Mama Alinanuswe aliendelea.

"Kwa sababu alikuwa ndugu, si mpangaji!"

Maneno yalikuwa yameshatoka. Zabron akafunika uso kwa kiganja. Nesta alisimama pale anahema, hasira yote ikiwa kwa mumewe, na kidogo iliyobaki akamtupia Marita kwa macho.

Hukumu ilisomwa baada ya mwezi mmoja. Mwenyekiti alisoma kwa haraka, mambo ya mibuni iliyokaa miaka kumi na tisa bila mtu kulalamika, mambo ya zawadi baina ya ndugu kutokuwa kodi. Kisha akafika mwisho: baraza linatamka kwamba shamba la ekari mbili lililoko Isansa ni mali halali ya marehemu Isaka, chini ya msimamizi wake Marita, na kwamba mjibu maombi hana haki yoyote juu yake.

Marita akasimama.

"Mheshimiwa, naomba urudie hapo mwisho."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. Akarudia, safari hii polepole, neno kwa neno. Marita alilia bila kujificha. Kisha akamgeukia Zabron, aliyekuwa ameinamia viatu vyake.

"Umesikia, shemeji?"

Nesta, aliyekaa kando ya mumewe, alichukua mkoba wake, akasimama.

"Amesikia," akasema, akatangulia kutoka.