Nyungo za Kwekibago

Sokoni Chanika, mjini Handeni, Tatu aliweka nyungo mbili chini, akapanda juu yake, mguu huku na mguu huku, akajitikisa kuona kama zitabonyea. Muuzaji aliendelea kula muhogo wake.

"Za kupepetea au za thelujini?" aliuliza.

"Za thelujini."

"Basi shuka, mama, hizo zitakuaibisha. Za thelujini zina fito chini." Akamtolea nyingine, zenye mikanda ya tyubu ya baiskeli ya kufungia miguu. Tatu akalipa, akazibeba kichwani mpaka kwenye banda lake la vitumbua.

Theluji ilikuwa ikianguka Korogwe, upande wa Magoma, kila Jumapili ya mwezi wa Shaabani, na ilianguka ndani ya shamba la mkonge tu. Nje ya waya wa uzio watu walipalilia mahindi jua likiwachoma migongo. Ndani ilijaa mpaka ikafunika mkonge, ikafunika na waya wenyewe. Ilipofika alasiri iliyeyuka. Mkonge haukudhurika, kwa hiyo kampuni haikulalamika.

Kabla ya mkonge palikuwa na kijiji, Kwekibago. Mwekezaji alipokuja, ramani yake ilionyesha pori, na kati ya watu na ramani iliyosadikiwa ni ramani. Trekta likasawazisha nyumba, msikiti na makaburi. Watu wakatawanyika, wengine Magoma, wengine Korogwe ya zamani, na Tatu akaenda kuangukia Chanika. Tangu hapo mtu aliyetaka kusafisha kaburi la mzazi wake kabla ya Ramadhani alihesabiwa mvamizi.

Ndipo theluji ilipoanza, na Mzee Mhina, mmoja wa waliotawanyika, akaunda chama cha matembezi. Masharti yake yalikuwa mepesi: uje na nyungo zako, usimwache mwenzako nyuma, na mguu usiguse ardhi. Hilo la mwisho walikubaliana na mlinzi wa shamba, Nelson, kwa sababu katazo la kampuni lilihusu kukanyaga ardhi na theluji haikutajwa. Imamu aliuliza tu kama nyungo hizo zinaruka. Akaambiwa haziruki, zinatembea. Akasema basi hakuna ubaya.

Mwaka uliopita chama kilimwalika afisa mmoja wa ardhi. Alifungwa nyungo, akatembezwa, akaona kwa macho yake: juu ya theluji kijiji kilikuwa kimeinuka kama kilivyokuwa, kuta za nyumba, kibla cha msikiti, matuta ya makaburi. Akasema ushahidi ni mzuri, uletwe ofisini. Waliujaza kwenye ndoo, wakaupakia pikipiki. Afisa alichungulia ndoo, akasema haya ni maji. Mhina alirudi nayo nyumbani, akamwagilia mchicha.

Tatu alikuwa hajajiunga hata mara moja. Huko Kwekibago alimzika mtoto wake wa pekee, Zamda, aliyekufa kwa homa kabla hajaanza darasa la kwanza. Kila Shaabani mdogo wake, Munira, alikwenda na chama, kisha akampigia simu.

"La baba nimeliona, la mama nimeliona. La Zamda, dada, sijaliona. Nimetafuta kila mahali."

Kulikosa kaburi ukiwa Chanika kunavumilika. Kulikosa ukiwa umesimama palepale ni jambo jingine, na Tatu hakujua angerudi nyumbani na moyo gani. Lakini mwaka huu hamu ilimzidi nguvu. Alikuwa akikoroga unga wa vitumbua akajikuta anaita jina la mtoto, kwa sauti, mbele ya wateja. Akapiga moyo konde, akaenda kununua nyungo.

Jumapili hiyo walikusanyika kando ya waya, au pale ambapo waya ulikuwa umefunikwa chini ya theluji. Alikuwepo Saning'o, mfugaji wa Handeni, ambaye hakuwa na kaburi lolote pale. Yeye alipenda kutembea tu.

"Shikamoo, mzee," Tatu alimwamkia Mhina.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Nimekuja."

Mhina alimkazia mikanda. "Tanua miguu. Tembea kibata, usione haya, sote hapa ni mabata."

Wakaenda kwa mstari, nyungo zikikwaruza. Walipita mlangoni kwa huyu na uani kwa yule, wakipiga hodi kila walipopita kwenye nyumba, maana adabu ni adabu. Nyuma ya msikiti makaburi yalijipanga, kila tuta mahali pake. Munira akamwonyesha dada yake la baba, kisha la mama. Tatu akatazama kushoto kwa mama. Hapo ndipo alipomlaza Zamda, ubavuni mwa bibi yake ili asiogope. Palikuwa na tuta refu.

"Hili la nani?"

"Sijui. La mtu mzima," Munira alisema. "Huwa nalipita, natafuta dogo."

Siku zile za msiba Tatu alikuwa na mazoea ya kujilaza kando ya kaburi, kichwa usawa wa kichwa, na tuta lilimfikia kiunoni. Alisemwa sana kwa hilo. Sasa akajilaza tena, juu ya theluji, nyungo zikiwa miguuni, kichwa usawa wa kichwa.

"Niangalizie. Limenifikia wapi?"

Munira akaenda kuinama miguuni pake. "Limekupita. Kiasi cha kiganja."

"Ndiye," Tatu alisema. "Amefuata urefu wa baba yake."

Mhina alihesabu miaka kwa vidole, akakubali: Zamda angekuwa msichana mkubwa sasa. Saning'o alisema mabinti wa umri huo hurefuka upesi, hata wake, Naishorua, nguo za mwaka jana hazimwingii. Munira alichutama kando ya tuta, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Miaka yote hii nakupita."

Wakasoma Yasini. Tatu alikuwa amezoea kumtamani mtoto wa kubeba mgongoni. Huyu hakujua amtamani vipi: wa kusukana naye nywele, wa kugombana naye kwa ajili ya simu. Akamtamani hivyo hivyo, wa mgongoni na huyu mrefu, wote wawili kwa mpigo.

Alasiri Nelson alipiga filimbi. Tatu alitoka wa mwisho, theluji ikidhoofika chini yake, na waya ukainuka nyuma ya visigino vyake. Jumatatu wakata mkonge waliingia kazini, mistari imenyooka, na kwenye ramani ya kampuni pale hapakuwa na mtu.

Wiki hiyo, Chanika, mteja mmoja mgeni, akisubiri vitumbua viive, alimwuliza Tatu ana watoto wangapi.

"Mmoja, wa kike. Ananipita kwa kiganja."

"Mashallah. Yuko wapi?"

"Magoma, kwenye shamba la mkonge."

"Kapata kazi huko?"

Tatu akageuza kitumbua.

"Hapana," alisema. "Ni kwao."