Kikombe Mbele ya Mzee Mutlak

"Wako ndiye shetani, wangu anafuata mkumbo tu!" mama yake Thamir alipiga kelele kutoka ngazi ya juu. Mama yangu, aliyesimama ngazi ya chini na ndoo yake ya kupigia deki, hajawahi kushindwa neno na jirani.

"Shetani? Wangu anauza chai tangu alfajiri, huo ushetani ataupatia wapi muda? Wako kajifungia chumbani miaka miwili kama kuku anayeatamia. Rafiki yake anamtoa akapunge upepo, imekuwa kesi?"

"Akapunge upepo kusini, Mama Wasfi? Kusini? Kuna watu kule wanaingoja shingo yake, na wewe unajua!"

Katika jengo letu la Zarqa, ugomvi ukianza hakuna anayefunga mlango, hata baridi ya Januari ipige namna gani. Ghorofa zote nne zilikuwa zimetoa vichwa nje. Mimi na Thamir tulikwama katikati ya ngazi, kila mmoja na blanketi begani, kama wezi waliofumaniwa.

Mama yake hakuwa anazua. Thamir na watu wake si wa Zarqa. Walikuwa na nyumba na mizeituni yao Wadi Harsha, kule ambako ardhi imepasuka ikawa mabonde yenye kuta kama ngome. Kaka yake, Hamdan, alikuwa dereva wa lori la kokoto. Siku moja breki zikakatika konani, akamgonga kijana aitwaye Fawaz aliyekuwa anavusha mbuzi. Fawaz akafa palepale. Hamdan akaingia jela, na jamaa zake wakafungasha siku ileile wakahama bonde, kama ada inavyotaka, maana kule damu ikimwagika haimwandami dereva peke yake. Humwandama ndugu yake pia, na mtoto wa ami yake. Wazee walikwenda kuomba suluhu ya muda. Wakapewa, ikarefushwa, ikarefushwa tena. Ilipokwisha kabla ya mvua za mwaka huu, haikurefushwa. Mdogo wake Fawaz, anaitwa Sakri, alikataa mbele ya watu. Basi mtaa mzima ulijua: Thamir akikanyaga Wadi Harsha, hana wa kumlinda.

"Hatupiti huko, mama," nilimwambia mama yake. "Barabara kuu ya jangwani moja kwa moja mpaka Aqaba. Tunaona bahari, tunakula samaki, tunarudi."

"Apa."

Nikaapa. Mama yangu akamalizia, ili neno la mwisho liwe lake: "Na mlale garini! Hoteli ni za watu wenye akili mbovu na mifuko mizuri."

Tulisafiri kimaskini, kwa furaha. Pikapu langu kuukuu ndilo lililokuwa duka langu la chai, kwa hiyo jiko na birika tulikuwa navyo. Mama zetu, waliokuwa hawasemezani, walitupa kila mmoja mayai ya kuchemsha na zeituni za kutosha kikosi. Kipasha joto cha gari kilikufa zamani, tukafunika magoti kwa mablanketi kama bibi wawili. Thamir alicheka. Nilikuwa nimesahau mlio wa kicheko chake.

"Gari lako linakohoa, Wasfi."

"Limezoea wateja wenye mafua."

Mbele zaidi polisi walikuwa wameziba barabara. Askari aliyejifunga kitambaa mpaka machoni alituomba vitambulisho, akavitazama, akavitupa juu ya dashibodi kupitia dirishani. "Theluji imefunga mlima. Rudini kwenu. Au mteremke kwa njia ya mabonde, huko chini hakuna theluji, lakini shauri yenu."

Nikaanza kugeuza gari. Thamir akaushika usukani.

"Teremka."

"Una wazimu? Njia hiyo inapita Wadi Harsha, na nimemwapia mama yako."

"Umeapa wewe, mimi sikuapa. Tunapita tu, Wasfi. Hatusimami. Nataka kuiona mizeituni yetu kupitia kioo, basi. Hata maiti hupitishwa nyumbani kabla ya kuzikwa."

"Usiseme maneno hayo kwenye gari langu."

"Teremka, basi, ninyamaze."

Nikateremka. Mngekuwa mmemwona uso, nanyi mngeteremka.

Njia ile ilituingiza ndani ya ardhi kidogo kidogo. Kuta zikapanda kulia na kushoto, nyekundu, kisha za rangi ya ini, mpaka mbingu ikabaki ukanda mwembamba wa kijivu. Redio ikafa. Ukimya wa bonde haukuwa wa amani, ulikuwa kama wa watu walioacha kuongea ulipoingia wewe. Kwenye kijiji, wanaume watatu mbele ya duka waligeuza shingo kwa pamoja na kulifuata gari kwa macho. Thamir alijifunga kitambaa usoni. Mizeituni yao tuliipita upande wa juu. Mtu alikuwa amekata nusu yake kuwa kuni. Thamir aliigeukia mpaka ikapotea nyuma yetu. Kisha ikaja kona, na kwenye kona rundo la mawe lenye kitambaa cheupe kilichochakaa.

"Hapo?" niliuliza.

"Hapo."

Nikakanyaga mafuta. Baada ya hapo njia inashuka na kufuata mkondo wa mto mkavu, hakuna nyingine. Tulikuwa tumefika katikati yake niliposikia nilichodhani ni lori nyuma yetu. Nikatazama kioo: hakuna lori. Juu kabisa, mbali, mawingu yalikuwa meusi. Kwetu halikuwa limedondoka hata tone. Ndivyo mafuriko ya mabonde yalivyo, mvua inanyesha kwa mwenzako na kifo kinakuja kwako.

"Pandisheni! Pandisheni hapa!"

Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mwamba upande wa kulia, anapunga fimbo, joho lake linapepea. Palikuwa na mteremko wa changarawe, njia ya mbuzi. Nililirusha gari pale, magurudumu yakachimba, yakateleza, yakashika. Tulipofika juu na kugeuka, maji yalishapita tulipokuwa, kahawia, mazito, yamebeba miti mizima na kondoo aliyegeuka tumbo juu. Mbele njia ilikatika. Nyuma pia.

Mzee akashuka kwetu akicheka huku anahema. "Alhamdulillahi! Malaika wenu hawalali. Karibuni, karibuni, moto upo."

Nilitaka kumbusu mkono. Thamir alinikamata kiwiko, vidole vyake baridi kama chuma.

"Ni Mutlak," alininong'oneza. "Baba yake Fawaz."

Tungekimbilia wapi? Tulimfuata. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilijiuliza mgeni naye atapona vipi.

Watu wa huko wakati wa baridi huhamia kwenye mapango, wakaning'iniza hema la manyoya ya mbuzi mlangoni likate upepo. Ndani mlikuwa na moto wa katikati, mito ya kuegemea, na pazia lililotenga upande wa wanawake. Nyuma yake nilisikia mikono ikipigapiga unga. Mzee Mutlak alituketisha pazuri kuliko pote, akakaanga kahawa, akaitwanga mwenyewe. Hakuuliza sisi ni nani. Ada ya kule, mgeni haulizwi jina mpaka siku tatu na theluthi zipite. Nikaanza kuhesabu: maji yatashuka kesho, tutakuwa tumeondoka, hatujulikani. Nikaanza hata kupumua.

Ndipo Sakri akaingia. Kijana mrefu, amelowa, bunduki ya kuogofya mbwamwitu begani. Alisalimu bila kuketi. Macho yake yalimpita Thamir, yakarudi.

"Macho haya nimeyaona."

"Sakri," baba yake alisema.

"Nauliza tu, baba. Ndugu, kwenu wapi?"

"Mgeni haulizwi! Unataka watu waseme pango la Mutlak ni kituo cha polisi?"

Sakri akatabasamu bila kuonyesha meno. "Haya. Nikaangalie gari la wageni, lisije likateleza." Akatoka.

Vitambulisho vyetu vilikuwa juu ya dashibodi, alipoviacha askari, jina la Thamir limetazama juu. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anafikiri nilichokuwa nafikiri.

Mzee akamimina, akamkabidhi kikombe. Thamir alikipokea kwa mkono wa kulia, kama anavyopaswa. Kisha akakiweka chini mbele yake.

Upande wa pili wa pazia, unga ulinyamaza. Kila mtu wa huko anajua maana yake: mgeni anayeweka kikombe chini ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe. Na aibu ya mwenye nyumba ambaye kahawa yake haikunyweka huvuka mabonde.

Watu wa kule wana kosa moja ambalo hulikuti kwingine: wakarimu mno, huahidi kwanza, husikia baadaye. Mzee Mutlak alijinyoosha, akafurahi hasa, kama mtu aliyepewa nafasi ya kutajwa na vizazi.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu. Ulilolijia umelipata."

"Hujalisikia, ami."

"Hata kama ni ngamia wangu wa mwisho. Nimeshasema."

Thamir akafungua kitambaa usoni. "Mimi ni Thamir wa Salman. Hamdan ni kaka yangu. Naiomba shingo yangu."

Kuni zilipasuka motoni. Uso wa mzee haukubadilika mara moja; ulibadilika kama ukuta unavyoanguka, mwanzo hakuna kitu, kisha vumbi. Alitazama kile kikombe.

Hema likafunuliwa. Sakri alisimama mlangoni, kitambulisho mkononi, maji yanamchuruzika.

"Baba, unajua ni nani umemwashia moto?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Na nimeshampa neno."

Sakri akamgeukia Thamir. "Umemnasa mzee wangu kwa kikombe."

"Nimemnasa," Thamir alisema. "Ningenyamaza, ningekula mkate wenu mimi ni mwongo. Hilo lingekuwa baya zaidi."

"Baya zaidi ya nini? Ya Fawaz?"

Sakri akakitupa kitambulisho juu ya zulia.

"Neno ni la baba. Mimi sikuahidi. Sijanywa naye, sijala naye, hakuna chumvi kati yetu ya kunizuia. Maji yatashuka, na huyu bwana hatazeekea humu ndani. Mimi niko nje." Akarudi mvuani, maana sasa mvua ilikuwa imetufikia, akaketi juu ya jiwe karibu na pikapu langu, bunduki mapajani.

"Ami," nilimwambia mzee, "mwamuru. Ni mwanao."

"Ni mwanangu, si mbuzi wangu. Damu ni yake kama ilivyo yangu." Alionyesha kwa fimbo ukingo wa pango, pale mwamba ulipoishia na matone yakaanzia. "Neno langu linafika pale. Chini ya mwamba huu, anayemgusa ananigusa mimi. Kule nje sina la kusema." Kisha akamwambia Thamir kwa upole ulionitisha kuliko hasira: "Kunywa. Imepoa, lakini kunywa."

Thamir akanywa.

Tulikaa. Mto ulinguruma chini yetu, lakini sikio langu lilikuwa linausikiliza kwa woga mpya: nilikuwa nauombea usipungue. Kila mngurumo ulipolegea nilimtazama Sakri, naye alikuwa anautazama mto. Thamir aliegemea mto wa sufi, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Pazia likafunuka. Mwanamke mfupi, mwenye michoro ya kijani kidevuni, akatoka na sinia mwenyewe, jambo ambalo mama wa kule halifanyi mbele ya wanaume wageni. Mkate uliookwa majivuni, umevunjwavunjwa, umelowa maziwa na samli, na juu yake nyama. Alikuwa amechinja. Sijui alimchinja lini huyo mbuzi, wala kama ni kabla au baada ya kulisikia lile jina.

Aliliweka sinia chini akamtazama Thamir, jicho kwa jicho.

"Hafanani na yule wa lori," alimwambia mumewe.

"Hafanani."

"Ningependa afanane. Ingekuwa rahisi."

Mzee Mutlak hakunyoosha mkono. Kwa hiyo hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke ulipanda tu kati yetu. Mama akatembea mpaka ukingoni, akasimama pale matone yanapoanzia, miguu yake mikavu, kichwa kinalowa.

"Sakri."

Sakri aligeuza shingo.

"Ya damu mtayasema wanaume, mimi siyajui. Najua mmoja nimemzika. Ukimwua huyu, wa pili atakuja kuchukuliwa na serikali, na mimi nitabaki na mzee huyu na ahadi zake."

Nilisikia changarawe ikisagika. Sakri alikuwa amesimama. Bunduki ilikuwa bado mkononi, mdomo wake unatazama chini, au huenda unatazama miguu yetu, moshi haukuniruhusu kuona vizuri. Thamir alijisogeza kwenye zulia akaacha nafasi kando yake, mbele ya sinia, nafasi ya mtu mmoja.

"Hujala tangu asubuhi," mama yake Sakri alisema. "Ingia ule."