Dawati Namba Arobaini na Moja

Sijawahi kuona mguu wa dawati unacheza nikapata usingizi. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyotuponza.

Nilikuwa seremala wa shule za wilaya kwa miaka thelathini na minne. Waliponistaafisha walinipa saa ya ukutani isiyotembea. Nikaifungua, nikaisugua, ikaanza kwenda kinyumenyume. Naiacha tu. Kwa hesabu yake sasa hivi nina miaka hamsini na saba, na magoti yananikanusha peke yao.

Mjukuu wangu tunamwita Sindano. Tangu ana miaka minne alikuwa akiidunga mito yote ya nyumba kwa njiti, huku akiibembeleza: "Pole, inauma kidogo tu." Uuguzi ndiyo ndoto yake, hana nyingine. Na chuo cha uuguzi hakimchukui mtu asiyefaulu hesabu.

Sasa, hesabu. Darasani kwao walikuwa tisini na sita. Mwalimu wa hesabu alihamishwa, somo akaachiwa mwalimu wa michezo, mtu muungwana, aliyesimama mbele yao akasema, "Wanangu, hapa tutajifunza wote." Walichojifunza ni kuruka viunzi. Sindano hesabu alizipatia kwenye meza yangu ya useremala. Nusu, robo, thumni, tulizikata kwa msumeno akazishika mkononi. Mwaka wa mwisho akawa ananisahihisha mimi vipimo.

Ijumaa kabla ya mtihani alirudi amenuna.

"Babu, wametubandikia namba kwenye madawati. Mimi arobaini na moja. Linatetemeka kama lina homa. Nikiandika nane inatoka fundo la kamba."

"Jumatatu litakuwa limepona."

"Babu, usilipake mapambo."

"Mimi?"

Jumamosi nikaenda shuleni. Mlinzi ananijua, akanifungulia huku akiuliza habari za ile saa. Nikalibeba dawati hadi nyumbani, nikachonga ulimi mpya wa mguu, ule unaoingia kwenye tundu, nikatia gundi, nikabana. Likasimama kama askari. Hapo ningeacha, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini liliniangalia kwa unyonge, limechakaa, na mtoto wangu ndiye wa kulikalia. Nikalipiga vanishi. Mikono mitatu, tabaka kwa tabaka, juu, chini, na juu ya kile kikaratasi cha namba pia, kisije kikabanduka.

Jumapili mvua ilinyesha kutwa. Jumatatu alfajiri vanishi bado inanata. Ningelipeleka vile, mtoto angerudi nyumbani dawati limemganda matakoni.

"Tangulia," nikamwambia. "Kaa popote. Nakuja nalo."

Nilifika nalo saa sita. Mtihani wa hesabu umekwisha. Sindano alinikuta getini anacheka hadi machozi. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, ubao mapajani, akajibu maswali yote. "Yote, babu! Hata lile la pipa linalovuja!" Tukaliingiza dawati darasani sisi wawili, linang'aa, wenzake wakalipigia makofi.

Miezi miwili baadaye matokeo yakatoka. Masomo yote mazuri. Hesabu: HAKUFANYA.

Mwalimu mkuu alikuna kichwa mpaka nikamwonea huruma.

"Fundi, msimamizi wa mtihani hajazi fomu ya mahudhurio kwa sura za watoto. Anapita kwenye mistari, anasoma namba kwenye madawati. Asipoona dawati, anaandika hayupo. Ndio utaratibu."

"Na mtoto aliyekaa dirishani?"

"Dirisha halina namba."

"Si umwite huyo msimamizi aseme?"

"Amehamishwa. Nendeni ofisi ya elimu. Mimi sina mamlaka hata ya kufuta ubao wangu."

Barua ya chuo nilikuwa nayo mfukoni: nafasi ipo, matokeo kamili yafike kabla ya saa tisa, Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne tukapanga foleni ofisi ya elimu. Foleni gani! Mbele yetu kulikuwa na bwana aliyeingia na ndevu nyeusi. Alipofika dirishani karani alimpisha kwa heshima ya mvi. Zamu yetu ilipofika, karani, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, alisoma karatasi yetu kwa makini.

"Mtahiniwa hayupo," akasema.

"Huyu hapa mbele yako, mwanangu."

"Shikamoo, mama," Sindano akasema, ili asikike kuwa yupo.

"Marahaba, binti. Nasema kwenye fomu."

"Na karatasi yake ya majibu?"

Akaenda masijala, akarudi na daftari kubwa. "Ipo. Iko ghalani, bahasha yake haijafunguliwa. Haiwezi kusahihishwa kwa sababu mwenyewe hakuwepo."

"Sasa nani aliiandika?"

"Hilo, mzee wangu, halina safu kwenye daftari."

Nikamsimulia yote: mguu, gundi, vanishi, mvua. Nyuma yangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mzee, hiyo umeitunga njiani." Mimi niliwahi kuwaambia watu kwamba nilimtengenezea ndovu kiti cha kunyolea, wakaniuliza kilikuwa cha mbao gani. Siku niliyosema kweli tupu, wakacheka.

Karani hakucheka. "Leta kielelezo," akasema. "Kile kikaratasi cha namba."

Tukaenda shuleni mbio. Nikajaribu kukibandua kwa patasi nyembamba kuliko zote nilizonazo. Mikono mitatu ya vanishi! Niliipiga mwenyewe, na kwa ustadi. Kilikuwa kimezama chini ya vanishi kama kiko ndani ya kioo.

"Babu, kitachanika," Sindano akanishika mkono. "Twende nalo zima."

Jumatano tulilibeba, yeye mbele mimi nyuma, hadi ofisini. Karani akalizunguka, akapapasa namba, akagonga mhuri kwenye stakabadhi: DAWATI MOJA, LIMEPOKELEWA.

"Vizuri. Kamati ya malalamiko italiangalia."

"Leo?"

"Kamati inakutana mwezi wa tisa."

"Mwanangu, chuo kinafunga keshokutwa."

Alivua miwani. Naapa macho yake yalikuwa mekundu. "Babu, ningekuwa na ufunguo wa ghala ningekupa. Sina. Aliye nao anasubiri barua ya kamati."

Alhamisi tulirudi, tukaambiwa mkubwa yuko semina. Ijumaa tulikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi. Benchi lenyewe linacheza. Saa tisa ikagonga. Sindano alikuwa ameegemea mlango wa ghala, bahasha yake iko upande wa pili, mbao mbili tu katikati. Mlango ule naujua, niliutundika mimi. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Niliishika, nikaiachia.

"Twende, babu," akasema. "Umechoka."

Aliniambia mimi nimechoka.

Mwezi wa tisa kamati haikutimiza idadi ya wajumbe. Sindano amerudi kurudia mwaka, shule ile ile, mwalimu yule yule wa viunzi. Darasa sasa lina watu mia na wanne, na madawati yamepungua moja. Nilimwambia mwalimu mkuu nitachonga jingine, bure, jioni mbili tu.

"Fundi, dawati la nje haliingii bila kibali."

"Kibali kinatoka wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea ofisi ya elimu. Nikajua ni dirisha lipi.

Juzi nilikwenda kuuliza. Kibali hakijasainiwa, kamati haina tarehe. Dawati letu, arobaini na moja, nimeliona nyuma ya dirisha, ghala limejaa kwa hiyo wamelivuta karibu na meza ya karani, na juu yake kuna birika la chai na vikombe sita. Karani aliinuka kunisalimia kwa mikono miwili.

"Ila dawati lako, babu, nikusifu. Meza zote humu ndani zinamwaga chai. Hili halitikisiki hata chembe."

Nikamshukuru. Kisha nikapita shuleni, nikasimama nje ya darasa lao. Sindano alikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, amenipa mgongo, ubao mapajani, anaandika.