Nukta za Jumatano

Jumatano ilikuwa siku ya midomo. Ndivyo walivyoiita pale hospitalini, na daktari wa upasuaji aliyeisimamia walimwita Mama Nukta, maana kabla hajashika kisu alichora nukta ndogo za wino kwenye mdomo wa mtoto, akazitazama, akazifuta, akazichora upya, mpaka wenye haraka zao wakaribie kuota mvi. Hakujali. "Ngozi haina kifutio," alikuwa akisema. Mshono ukikosea mstari wa mdomo kwa unene wa ukucha tu, mwenye mdomo ataubeba mpaka kaburini.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa binti wa wiki kumi na mbili, aliyezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka upande wa kushoto. Alipakatwa na mama yake, na nyuma yao akaja bibi mzaa baba, mwanamke aliyeongea kwa niaba ya watu watatu huku ameshikilia mtandio mbele ya kinywa.

Mama Nukta alikuwa na masharti matatu kabla ya kumlaza mtoto usingizi: atimize wiki kumi, afike kilo nne na nusu, na damu yake iwe ya kutosha. Wiki iliyopita huyu alikuwa na kilo nne na robo, wakarudishwa nyumbani. Leo mizani ilisoma kilo nne na nusu na gramu mia juu.

"Amepita!" alisema Bwana Usingizi, mtaalamu wa kulaza wagonjwa usingizi, ambaye hata yeye hakuwa mgumu wa kusinzia. "Tuingie ndani, daktari."

Mama Nukta hakuondoka penye mizani. Mtoto wa umri ule akinyonya vizuri sana huongeza gramu mia mbili kwa wiki. Huyu alikuwa ameongeza karibu mara mbili yake. Akaweka kiganja juu ya tumbo la mtoto, akalikuta limejaa ndi. Akainama akanusa kinywa chake.

"Mtoto amekula saa ngapi?"

Bibi, aliyekuwa akisimulia habari za barabarani, akakatisha hadithi, akauvuta mtandio juu zaidi.

"Mama?" mkwewe alimgeukia. "Si tuliambiwa asitie kitu mdomoni tangu alfajiri?"

"Nimempa maziwa ya kopo ulipokwenda msalani," bibi alisema. "Walisema asipofika uzito hapasuliwi. Nikaona mjukuu wangu asikose kwa sababu ya kikombe kimoja."

Hasira zilimpanda Mama Nukta, wala hakuzificha. Alimweleza bibi waziwazi kwamba mtoto aliyelazwa usingizi tumbo likiwa limejaa hutapika, matapishi yakaingia mapafuni, na hapo hakuna mdomo wa kushona tena. Mama wa mtoto alianza kulia. Bwana Usingizi akatazama saa ya ukutani, akauliza kama hawawezi kusubiri hadi mchana.

Hilo ndilo lililomkalia kichwani. Mchana tumbo lingekuwa tupu, na chumba kilikuwepo. Lakini ukitoa yale maziwa, mtoto bado alikuwa mwepesi, na mtoto mwepesi huchelewa kupona. Mdomo ungeweza kusubiri wiki moja bila kuharibika. Mapafu hayana subira hiyo.

"Leo hapana," alisema. "Jumatano ijayo."

"Wiki nzima tena!" Bibi alipaza sauti. "Daktari, hujui watu wanavyomtazama!"

"Najua, bibi. Ndiyo kazi yangu."

"Hujui!"

Kwa hasira akasahau mkono, mtandio ukashuka. Mama Nukta, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameona kwamba pua ya bibi imelala upande wa kushoto asijishughulishe nayo, sasa akaona kilichokuwa chini yake. Mpasuko ulikuwa uleule, upande uleule, ila huu ulikuwa na miaka zaidi ya sitini.

Hasira yote ikamtoka. Akavuta kiti, akaketi.

"Kwa nini hukushonwa?"

"Utotoni hapakuwa na wa kushona. Ukubwani nikaambiwa nimeshachelewa." Bibi aliurudisha mtandio. "Nami nikaamini."

"Uliongopewa. Mtu mzima hushonwa kwa sindano ya ganzi tu, macho yake wazi. Umekula nini leo?"

"Nile nini, roho ikiwa juu? Tangu jana ni maji tu."

"Kumbe mlibadilishana!" Bwana Usingizi alisema. "Aliyeambiwa afunge ameshiba, na asiyeambiwa amefunga."

Mkwewe alicheka katikati ya machozi, akamshika bibi mkono. "Kubali, mama. Wa kwanza awe wewe."

Wakampima damu na shinikizo lake, na mchana akalala chini ya taa kubwa. Mama Nukta akachora, akafuta, akachora.

"Daktari, mbona huanzi?" bibi aliuliza. "Hata ukinishona zigizaga nitashukuru."

"Nyamaza, bibi. Unanisogezea nukta."

Bibi akanyamaza saa nzima, jambo ambalo mwanawe, baba wa mtoto, aliposimuliwa jioni alikataa katakata kuliamini.

Jumatano iliyofuata mtoto alipimwa akiwa mtupu, tumbo tupu, na mizani ikasema kilo nne na nusu kamili. Mama Nukta alichora nukta zake, akazitazama, akazifuta zote. Bwana Usingizi, mkono mfukoni, macho kwenye saa, akakohoa kidogo.

"Wee, mwache!" bibi alifoka kutoka mlangoni, uso wazi, mshono mwembamba juu ya mdomo, mtandio umeanguka mabegani. "Mwache achore. Huyo ataishi na mdomo huo miaka sitini."