Kiti cha Nyuma Kabisa

Kamera ilisogezwa karibu hadi mwigizaji akauona uso wake ndani ya kioo cha lenzi, mdogo kama punje ya mtama.

"Bado," alisema mwongozaji. "Isogezeni tena."

Mwigizaji alinyoosha mgongo kwenye benchi.

Miaka yote jukwaani alikuwa na ujanja mmoja. Mama yake, mzito wa kusikia, alikaa kiti cha nyuma kabisa, naye mwana alirusha sauti mpaka imfikie. Mama akicheka, ujue ukumbi mzima umesikia. Hofu aliifunika kwa sauti hiyo, kama mtu anayepita makaburini akipiga mluzi.

Kwenye filamu alipanda kidogo kidogo. Kwanza aliigiza maiti, akapumua. Kisha akawa mlinzi wa geti mwenye neno moja, "Simama!" Alilitamka kwa nguvu hadi fundi sauti akavua vifaa vya masikioni.

"Kaka, unamwita nani? Wa ng'ambo ya mto?"

Walimcheka. Akajifunza kupunguza. Akawa dereva, akawa shemeji mlevi, na leo alikuwa baba anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Mhusika mkuu, tena bila neno hata moja.

Tangu asubuhi alikuwa akikunja ndita, akiuma mdomo, akishika kichwa.

"Naona kazi ya kuigiza," mwongozaji alimwambia kila mara. "Sitaki kazi."

Mwishowe alimvuta pembeni. "Mzee, sikufichi. Yule pale mlangoni anasubiri nafasi yako. Mara moja tena, basi."

Mwigizaji aligeuka. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuvaa shati kama lake, hadi doa la kahawa kifuani.

Akarudi kwenye benchi. Alitafuta kitu cha kuweka usoni, asikipate. Bila sauti, bila mama kule nyuma, alikuwa gunia tupu, na kile kioo kilikuwa kinachungulia ndani. Akautazama mlango, na yule mwenye shati kama lake. Hofu aliyoifunika miaka yote ikamjia usoni. Hakuizuia, hakuweza.

"Kata."

Fundi taa alitazama chini. Kumekwisha, mwigizaji aliwaza, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Unakwenda wapi?" mwongozaji aliuliza polepole. "Hiyo umeitoa wapi?"

Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, alikaa na mama yake nyuma kabisa, kwa mazoea. Uso wake ulijaa ukuta mzima. Mwanamke mmoja akavuta kamasi. Mwongozaji akamwinamia mwigizaji kutoka kiti cha jirani, akicheka kwa furaha.

"Filamu inayofuata ni yako. Watayarishaji wanataka uso huohuo."

Uso huohuo. Hofu ileile.

Mama yake hakuwa ameondoa macho ukutani. Akauliza kwa sauti ya viziwi, ukumbi mzima ukasikia:

"Mwanangu, nani alikutisha hivyo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Naigiza tu, mama," alimnong'oneza.

"Eti?"

Akavuta pumzi, ile ya jukwaani, ili maneno yamfikie. Hayakutoka. Mama akamtazama, kisha akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto kabla ya kuvuka barabara.