Prezan ya Léocadie

Mimi nilikuwapo, kwa hiyo usisikilize ya Albertine, ambaye siku ile alikuwa shambani na leo anasimulia kama yeye ndiye aliyepigwa.

Mwaka 1953, shuleni kwetu Wamaza, mwalimu akisoma jina lako unajibu kwa Kifaransa, "Prezan!", yaani niko. Ukinyamaza, unaandikiwa msalaba. Misalaba mitatu, jina linafutwa, unarudi kulima mihogo. Léocadie, binti wa miaka kumi wa jirani yangu Anastasie, alikuwa na kigugumizi. Kwa kuandika aliwashinda wote, lakini ile "p" ilimkaba koo. Tayari alikuwa na misalaba miwili.

Jumatatu ile mama yake alimsindikiza mwenyewe. Nami nikafuata, maana jambo halinipiti; tukabaki mlangoni.

Mwalimu Marcellin akaita, "Léocadie!"

"P... p... p..."

Kiboko kikatua mgongoni. "Sema!"

"P... p..."

Kikatua tena. Nguo ikapasuka, damu ikachuruzika. Wenzake wakamwigiza: "Pu-pu-pu! Pikipiki ya padri!"

Pigo la tano likamwangusha. Marcellin akachukua kalamu. "Hajajibu. Hayuko."

Anastasie akaingia. "Mwalimu, mutoto wangu hayuko?"

"Mama, toka. Asiyejibu hayuko."

"Basi ulikuwa unapiga nani?"

Darasa zima likacheka. Kicheko kile kilimchoma Marcellin. Akamchapa mama usoni, jicho likafumbika papo hapo. Jamani! Anastasie akakidaka kiboko, akamvuta mwalimu, akamtwanga kichwa. Tukasikia pua ikivunjika. Akampiga, akampiga: "Andika iko! Andika mutoto iko!" Damu ya Marcellin ikadondokea daftari la majina. Akaandika.

Askari wakamfunga Anastasie kamba, wakampeleka gerezani Kabambare, miezi mitatu. Padri mwenye shule akaja, akalitazama daftari, akasema kilichoandikwa kibaki.

Nilipompelekea chakula, lile jicho lilikuwa limekufa. Hakuuliza habari za mume wala za mbuzi.

"Dada, mutoto anajibu namna gani sasa?"

"Mwalimu anasoma jina, yeye ananyoosha mukono. Anaandikwa."

"Mwalimu hamupigi?"

"Amupige? Mama, pua yake mpaka leo inaangalia upande wa Kasongo!"

Akacheka mpaka mlinzi akatufokea.