Mkondo Uliozibwa

Haraka ina baraka, ikiwa ni haraka ya maji. Wanaosema polepole ndio mwendo hawajawahi kumnywesha mtoto maji yaliyolala.

Yalikuwa yamelala tangu mwanzo wa kiangazi, juu ya migomba yetu, katika mteremko wa Meru unaotazama Ngaramtoni. Bwawa lilikuwa la rangi ya chai, na utando juu yake kama wa maziwa yaliyopoa. Mjerumani mmoja aliyekuwa akifyatua matofali aliamuru mfereji uzibwe kwa magogo na udongo ili apate maji ya kukandia. Aliyeziba ni Saruni, kaka wa mume wangu na mzee wa mfereji. Aliahidiwa kwamba vijana wa ukoo wetu hawatachukuliwa shokoa, ile kazi ya kulazimishwa.

Sisi wa chini tulifikiwa na uzi wa maji tu. Migomba ilikunja majani. Watoto wakaanza kuharisha. Tukazika wa jirani, kisha wa jirani mwingine. Kisha Namnyaki wangu, ambaye alikuwa hata hajasimama dede, akalegea mikononi mwangu kama kitambaa kilicholowa.

Mimi si wa mlimani. Nilizaliwa Pangani, binti wa mchoma chokaa. Mume wangu Lerionka, aliyeshuka pwani na msafara akibeba mizigo, ndiye aliyenipandisha huku. Baba alinifundisha kuisoma bahari kwa nyayo. Upande wa nje wa mwamba, mkondo unakopiga, matumbawe yalikuwa manene, yenye rangi, yametanuka kama vichaka baada ya mvua. Upande wa ndani, maji yalikosimama, yalivaa ute na tope, yakafa. Hayo mafu ndiyo tuliyoyavunja na kuyapeleka tanuruni.

"Tumbawe halina miguu," baba alisema. "Mkondo humletea chakula, mkondo humwondolea taka. Ukikoma, atakufa kwa njaa na uchafu wake mwenyewe." Alilitaja tumbawe kama mtu.

Nilimweleza Saruni hayo, mtoto kifuani. Alikuwa kwenye kigoda akichonga fimbo.

"Shemeji, hilo jiwe lenu linakula nini? Ugali?"

"Linakula kinachopita."

"Basi lipelekee salamu. Huku hakuna chumvi, Mswahili."

Mkewe, Soila, alicheka. Kisha akamtazama Namnyaki, akaacha.

"Ukifungua, atapona," nikasema.

Saruni aliweka kisu chini. "Nikifungua watanichapa, halafu watawachukua vijana. Wengine huwa hawarudi. Na wewe usithubutu. Mwiko unaujua."

Niliujua. Mwanamke hakanyagi kinywa cha mfereji. Akikanyaga, maji yamenajisika, na ukoo wake hupoteza haki ya maji hayo mbele ya koo nyingine zote.

Siku ya soko wanaume walipoteremka Ngaramtoni, nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda na jembe jua likiwa utosini. Udongo ulikuwa umekauka ukawa kama mfupa. Nililima ukingo mpaka viganja vikachubuka. Gogo la kwanza lilipong'oka, bwawa lilishusha pumzi, kisha likaondoka lote kwa kishindo, na majani yake yaliyooza, na viluwiluwi vya mbu, na ule utando. Njiani liliyapitia matofali mabichi yaliyoanikwa uwandani, likayarudisha kuwa tope. Nilisimama nikitazama mpaka maji mapya ya mlimani yakaja nyuma yake, baridi, meupe, yakikimbia.

Askari walikuja na mkalimani wao Jabiri, mtu wa Tanga. Wazee walikusanywa. Nilitoka mbele.

"Ni mimi," nikasema, kwa Kiswahili ambacho Jabiri alizaliwa nacho kama mimi.

Saruni hakunigeukia. "Huyu mgeni ana homa ya pwani. Kwetu mwanamke hagusi mfereji. Nimefungua mimi."

Wazee wote wakaitikia. Jabiri alinitazama kitambo, akatafsiri maneno ya Saruni peke yake.

Kiboko nilikisikia mpaka masikio yakakataa. Saruni hakunyooka tena mgongo. Vijana walichukuliwa, Lerionka alirudi, mdogo wao Parsimei hakurudi. Mjerumani akahamishia matofali yake mtoni. Migomba ikafungua majani, na Namnyaki akasimama dede, akaanguka, akasimama tena.

Wajerumani walikwisha ondoka zamani Soila aliponiita. Saruni alikuwa hawezi tena kujigeuza kitandani.

"Muombe radhi," Soila akasema. "Aende na moyo mweupe."

"Neno moja tu, shemeji," Saruni akanong'ona.

Nilichukua mafuta, nikampaka mgongoni, juu ya makovu yale, nikiyafuata moja baada ya jingine kwa kidole. Soila alisimama mlangoni akingoja.

"Nakushukuru kwa ulichokibeba," nikamwambia. "Parsimei namlilia hadi leo. Lakini kwa kufungua yale maji, shemeji, siombi radhi."